Moto Alionyimwa Laurencia

Sikilizeni wanangu, sogeeni kitandani, na wewe Sylvesta acha kuchungulia dirishani, ng'ombe hawana wosia wa kukupa. Mimi ndiye ninao, na pumzi zenyewe zimebaki za kuazima.

Naogopa. Mimi niliyezijua mimba zote za hapa Mbulumbulu kabla ya wenyewe, mdomo huu ulificha jambo moja tu, kwa sababu baba yetu alisema atakayelitaja jina la dada yangu Laurencia ataleta kifo nyumbani. Dada alipata mimba kabla hajaolewa, mimi nikiwa bado mtoto wa kuchunga ndama, na kwa mila yetu ya zamani sisi Wairaqw, binti wa namna hiyo alifukuzwa, asile na watu, asipewe hata kaa la moto. Alisimama mlangoni, ukungu umemlowesha, akaomba moto. Mama akafunika jiko kwa majivu. Dada akashika njia ya msituni, upande wa Wamasai, nasi tukaambiwa chui amemla.

Niliamini, mpaka juzi mjukuu wangu Eunike, huyu wa hotelini Karatu, alipoutafuta ukoo wetu kwenye mtandao, katika kumbukumbu za kale za misheni, akanisomea jina la dada na la baba yetu: Laurencia, binti Amnaay wa Mbulumbulu, mkazi wa Kakesio kwa Wamasai, kamleta mwanawe abatizwe. Chui gani huyo, wanangu, anayepeleka watu ubatizoni? Nilicheka hadi nikakohoa, kisha nikamwambia Eunike asome tena. Maana kama hakuliwa, basi alikuwa hai, akiuona moshi wetu kutoka ng'ambo ya msitu.

Eunike akaulizia Kakesio hadi akampata Nashipai, mjukuu wa Laurencia, naye akanipigia simu, akaniita koko, kama Wamasai wamwitavyo bibi.

“Koko, kesho tunakuja. Tutapokelewa?”

“Njooni, ila mje na ugoro wenu, huku wachoyo.”

Akacheka. Kicheko cha dada, kilekile.

Simon, nilikusikia ukimwambia Eunike, “Futa hayo mambo, damu ile ikiingia humu mifugo itakwisha.” Mwanangu, hofu hiyo naijua, nimelala nayo tangu utoto, na sasa imenikalia kifuani kuliko ugonjwa wenyewe. Yako, Sylvesta, ni ya shamba tu. Haya, la bondeni ni lenu wawili, mpaka ni mikonge, msigombane mkampa jirani Selestina cha kusimulia, mdomo ule niliufundisha mimi. Kipande cha juu, alikopita dada, ni cha watoto wake, walime au walishe mbuzi. Mficha uchi hazai.

Nikitangulia kabla hawajafika, msinizike bila wao, wala jiko lisizimwe. Nashipai akisimama mlangoni, wewe Simon, wewe unayeogopa, uchote kaa kwa mkono wako umpe, awashe, apike, nanyi mle chungu kimoja naye. Mungu awanyeshee mvua ya taratibu, binti zenu wazae bila kukimbizwa…

Eunike, ongeza kuni. Baridi hii… mlango uko wazi? Uacheni. Nani amefunika jiko? Fukueni majivu, wanangu… fukueni…