Kanisani kwa Kinyozi

Benchi letu limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la Kinyozi, na mimi ndiye muuza kahawa, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale unanifikia ungali moto. Sheria ya benchi ni moja: siasa bishaneni, mpira hata mkitaka pigeni kelele, lakini dini ya mwenzako usiiguse. Kwa sheria hiyo Kinyozi, mtu wa kanisa, na Fundi Cherehani, mtu wa msikiti, wamekaa bega kwa bega tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na hatujasikia hata neno moja la ugomvi. Tunajisifu sana kwa amani hiyo. Sasa Jumamosi ile Fundi alikuja uso ameukunja, akapokea kikombe, akaivunja sheria.

— Binti yangu kaja kutoka chuoni na msichana wanayelala naye chumba kimoja. Kesho anataka kwenda naye kanisani.

Redio, tuliyempa jina hilo kwa sababu hazimiki, akasogea.

— Anabadili dini?

— Anasema ni somo. Wanapangwa wawili wawili, huyu dini hii, yule dini ile. Kila mmoja anakwenda kukaa kwenye ibada ya mwenzake, anasikiliza, halafu wanaeleza darasani walichoelewa. Mwenzake keshakwenda msikitini jana. Kajitanda vizuri, kakaa na kina mama.

— Na wewe umejibuje?

— Nimetoka tu. Ananisubiri. Anasema nikikataa haendi, na somo lenyewe analiacha. Hataki kwenda kwa kuniibia.

— Basi kataa! Hivi hamwoni? Leo wanasikilizana. Mwakani chuo kinatoa shehe na padri katika mtu mmoja. Ijumaa anaadhini, Jumapili anapiga kengele.

— Jumamosi je? nikamuuliza.

— Anapumzika, atakuwa kachoka. Halafu wanakuja kwetu sisi tusiosoma. Watatuchanganya usingizini! Unalala na dini yako, asubuhi unatafuta viatu, hukumbuki umevivulia mlango gani.

— Usingizini watatufikiaje?

Redio akachungulia kikombe chake, akakinusa.

— Kahawa hii unanunua kwa nani?

Nikamwambia anirudishie kikombe changu. Akakikumbatia kwa mikono miwili.

Kinyozi hakucheka. Alikuwa anafuta wembe na kitambaa, taratibu, kama hasikii.

— Fundi, ni kanisa gani hilo?

— La nyuma ya soko.

— Langu hilo.

— Najua.

— Kila Jumapili niko pale. Jumatatu nakunyoa ndevu, wembe uko kooni kwako, na wewe unasinzia. Leo mwanao akikaa pale nilipokaa mimi, unaogopa nini?

— Wewe sikuogopi. Naogopa yanayosemwa mle ndani.

— Yapi?

Fundi alikunywa kidogo, akakitazama kikombe.

— Sijui.

Kinyozi akaurudisha wembe kwenye droo. Aliumia, na sisi sote tulimwona. Mimi nikaanza kuwamiminia watu kahawa ambayo hawajaiomba.

Hapo akaja msichana tusiyemjua, kanga begani, akiangalia huku na huku mpaka akamwona Fundi.

— Shikamooni. Baba, mama kanituma nikuite, chakula tayari.

— Marahaba, nikaitikia. Kumbe mgeni wa Fundi ndiye wewe. Kaa kwanza.

Akakaa ncha ya benchi.

— Samahani, huyu ndiye mzee Kinyozi? Mwenzangu ananisimulia habari zake kila siku. Anasema ulipolazwa, baba, yeye ndiye aliyekesha na wewe.

— Ndiye huyu huyu.

— Alikuwa anakuombea nini?

Fundi akanitazama mimi, na mimi nikalitazama birika.

— Alikuwa anafumba macho tu, pale pembeni ya kitanda. Mimi nikajua kalala.

— Hukumuuliza?

Redio mwenyewe akazamisha midomo kwenye kikombe. Kinyozi aliinamisha kichwa, akawa anakung'uta vinywele kwenye suruali, na vinywele vyenyewe havikuwepo. Wakati ule nilimhurumia kila mtu kwenye benchi, na mimi nikiwemo.

Mwisho Fundi akaniwekea kikombe kwenye sinia.

— Nenda, mwanangu. Mwambie mwenzako kesho aende. Asikae anasinzia, asikilize neno kwa neno, akirudi anieleze yote.

— Mimi si niko hapa? akasema Kinyozi. Niulize mimi.

— Wewe nakuonea haya, ndugu yangu.