Averil Walker na Jina Alilopewa Mlangoni mwa Kinu

Ijumaa ya tarehe 28 Machi 2025, saa kumi na moja jioni, Bi Averil Walker atavua beji yake na kustaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Kumbukumbu ya Ellenroyd kwa miaka arobaini na karibu miezi saba. Aliingia hapa Septemba 1984 akiwa na miaka ishirini na mitano. Mimi nilimfuata miaka minne baadaye, na tangu hapo meza zetu zimetazamana. Nadhani ndiyo sababu nimepewa mimi kalamu.

Wengi wenu mnamjua kwa kazi moja: faharasa ya majina ya ukoo ya bonde letu, kadi elfu thelathini na nne, zote kwa mwandiko wake, ambazo sasa zimeingizwa kwenye kompyuta. Ilimchukua miaka kumi na tisa. Nyingine hamzijui kwa sababu hakuzisema. Mwaka mmoja maji ya mafuriko yalipoingia ghala la chini siku iliyofuata Krismasi, yeye ndiye aliyekuwa na funguo, kama kila Krismasi. Tulipofika, daftari mia mbili za ubatizo zilikuwa zimeshapandishwa ghorofani, naye ameketi ngazini, soksi zimelowa, anakula kipande cha jibini.

Alikuwa na utani wake wa polepole. Nakumbuka alivyokuja Bw. Desmond Walker, dereva mstaafu wa basi, akiwa na hakika kwamba babu yake wa kwanza alikuwa mtembezi hodari, labda mjumbe wa mfalme. Si ndivyo jina linavyosema, mtu anayetembea?

"Alitembea, ni kweli," Averil akamjibu, "lakini hakufika popote. Alikuwa anatembea ndani ya hori."

Akamweleza kama alivyowaeleza mamia. Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji huwa kilegevu, unaweza kuona mwanga ukipita. Zamani kilitiwa horini pamoja na maji, udongo wa kunyonya mafuta, na mkojo uliochacha. Mtu akavua viatu, akapanda humo, akakikanyaga kutwa nzima mpaka nyuzi zishikane. Huku kwetu kaskazini mkanyagaji huyo aliitwa Walker. Kusini na mashariki kazi hiyohiyo ikamwita mtu Fuller, na kule kusini-magharibi akawa Tucker. Baadaye yakaja magurudumu ya maji yenye nyundo za mbao, miguu ikapumzika, lakini jina halikuondoka. Vinu vyenyewe vikaendelea kuitwa vinu vya kutembea. Mtoto wa mkanyagaji akawa mwokaji mikate, mjukuu akawa seremala, wote bado ni Walker.

"Mkojo wa nani?" Bw. Desmond akauliza.

"Wa mji mzima. Walipita nyumba kwa nyumba wakiukusanya."

"Mke wangu asisikie haya!"

Wiki iliyofuata akamleta mke wake asikie.

Ndivyo alivyokuwa na wageni. Watu waliingia hapa wakiwa na jina moja kwenye karatasi iliyokunjwa, wakatoka na babu wa babu. Waliomlilia begani hawana idadi. Kisha saa saba mchana alikwenda dirishani peke yake na mkate wake wa jibini na kitunguu cha siki, akatazama maegesho ya magari. Hakuwahi kututajia ndugu, shangazi, wala binamu. Mwaka 1997 alipoteleza kwenye barafu na kuvunjika kifundo cha mkono, hospitali ilipiga simu kwa jamaa wa karibu aliyemwandika. Simu ikalia mezani kwangu. Alikuwa ameandika namba ya ofisi.

Nilipomuuliza, akasema, "Si mnapokea haraka?" Nikacheka. Leo sijui kwa nini nilicheka.

Yanayofuata ameniruhusu kuyaandika. "Andika, Clifford," alisema, "ila usinipambe."

Oktoba 2013 alianza kuja mwanamke mmoja kila Jumanne, koti la mvua la buluu, pumzi fupi kwa sababu ya ngazi. Jina lake Nora Hinchliffe, umri miaka sabini na moja. Aliomba kitu kimoja tu: gazeti la hapa mjini, juzuu ya Februari 1959. Averil alimletea, akaliweka juu ya mto laini wa kulazia vitabu vya zamani. Bi Nora akafungua ukurasa wa tano, akasoma habari fupi pembeni kwa kidole, akairudia, akafunga, akaenda zake. Jumanne ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Averil hakuhitaji kuchungulia ni habari gani. Aliisoma wiki yake ya kwanza kazini na aliijua kwa moyo. Mtoto mchanga wa kike ameokotwa alfajiri mlangoni mwa kinu cha zamani cha kutembea, Holme Clough, ndani ya kapu la mabaki ya sufu. Mtoto huyo alikuwa yeye. Alilelewa katika nyumba ya watoto mji mwingine, na siku zote aliamini kwamba ofisa fulani aliyechoka alitazama kinu, akaandika Walker, akaenda kunywa chai. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatafutia wengine mizizi alijua kwamba jina lake mwenyewe lilishikizwa juu juu kama lebo ya mzigo.

Kwa Jumanne saba alimletea Bi Nora juzuu ile na hakusema neno. Nilimuuliza baadaye ilikuwaje akanyamaza.

"Niliogopa atasema hapana," akasema. "Halafu nikaogopa zaidi atasema ndiyo."

Jumanne ya nane Bi Nora hakuja. Ya tisa pia hakuja. Averil aliweka juzuu juu ya mto ikangoja mpaka tukafunga. Asubuhi ya pili yake, saa nne, mtu ambaye hajawahi kuvunja kanuni hata ya kutokunywa chai karibu na karatasi alichukua anwani kutoka fomu ya msomaji, akavaa koti, akaniambia, "Ninatoka."

"Unakwenda wapi?"

"Kufanya kosa."

Alimkuta Bi Nora amekaa kitini karibu na moto, kifua kimembana, blanketi magotini.

"Ah, wewe ni yule wa kumbukumbu," mzee akasema. "Nimeondoka na kitabu chenu?"

"Vyetu haviazimwi, Bi Nora."

"Sasa mbona umenifuata mpaka huku, mwanangu, na mvua hii?"

Averil hakukaa. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amepanga maneno kwenye basi, yote yakamkimbia. "Nimekuja kukuuliza kama wewe ndiye mama yangu. Yule mtoto wa Holme Clough ni mimi."

 Machozi yalimtoka Bi Nora bila sauti.

"La, mpenzi. Ningependa sana kusema ndiyo. Mimi ndiye niliyekuokota."

Alikuwa na miaka kumi na saba, anakwenda zamu ya alfajiri kiwandani, akasikia kitu kama paka. Alikaa na mtoto ndani ya koti lake mpaka polisi na ofisa wa ustawi walipofika. Aliomba ampeleke nyumbani. Mama yake akasema vinywa tisa vinatosha. Ofisa akatoa fomu, akasema atampa jina la Frost, yaani jalidi, maana kulikuwa na baridi kali.

"Nikamwambia, hapana! Usimwite Frost. Mwite Walker."

"Kwa sababu ya kinu," Averil akasema.

"Kinu gani! Kwa sababu wako wengi. Nenda shule yoyote bondeni humu, ita Walker, watasimama watoto watano. Nilitaka usimame nao. Nilitaka asitokee mtu wa kukuuliza, wewe Walker wa wapi? Mtoto wa Frost wangemuuliza kila siku."

Hapo Averil akakaa.

Bi Nora alimweleza kwamba baada ya kufiwa na mumewe alianza kuja kusoma ile habari tena na tena, akitumaini kuna mstari ameuruka, unaosema mtoto alipelekwa wapi. Na beji ya Averil je, hakuiona? Aliiona. A. Walker. Haikumshtua. Walker mwingine tu, katikati ya Walker wengi, kama alivyotaka mwenyewe.

Walipata miezi kumi na minne. Averil alikwenda kila Jumapili, akapika viazi, akasikiliza habari za kiwanda. Nilimsikia akiimba kwa sauti ndogo ghalani, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla ya hapo wala baadaye. Januari 2015 Bi Nora akafariki. Kwenye mazishi, mmoja wa watoto wake alimwendea Averil kwa adabu na kumuuliza alikuwa nani kwa marehemu. 

"Rafiki," Averil akasema, akarudi benchi la nyuma.

Jumatatu alikuwa kazini saa tatu kamili, kadi mkononi. Nilimwambia pole. Akasema asante, akaniuliza kama nimeona wino mweusi. Miaka kumi imepita tangu hapo, nami ninaona aibu kuandika kwamba katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugonga mlango wake. Tulidhani anapenda utulivu. Ni rahisi kudhani hivyo juu ya mtu asiyelalamika.

Juzi nilimkuta ananawa mikono jikoni kwetu. Akaniambia, bila kugeuka, kwamba Jumapili ya kwanza ya Aprili atakuwepo nyumbani kuanzia saa tisa alasiri, na kama kuna mtu hana shughuli, basi. Nikamuuliza anatutarajia wangapi. Akasema hajui watu huwa wangapi, lakini amenunua vikombe sita.

Averil, kwa kila ukoo uliourudisha kwa wenyewe na kila daftari uliloliokoa, tunakushukuru. Siku zako na ziwe ndefu, na mlango wako ugongwe mara nyingi. Sisi tuko kumi na mmoja. Ongeza vikombe.

Clifford Ogden, Chumba cha Kusomea