Vikombe Vitatu vya Mama Milka

Wasikilizaji wapendwa, leo nawaletea habari ya vikombe vitatu. Si vikombe vya mpira. Ni vikombe vya chai, vya nyumbani, kimoja kimevunjika mkono.

Tunamkumbuka Mama Milka Adongo wa Manyatta, hapa Kisumu. Mama Milka alituacha Alhamisi ya wiki juzi, akiwa na miaka sitini na minane. Jana tumemzika Usenge, nyumbani kwa mume wake, Mzee Mathews.

Wengi mlimjua kwa omena, dagaa wetu wa ziwani. Alikuwa akinunua ufukweni Dunga asubuhi na kuuza kando ya barabara mpaka mchana. Wengine mlimjua kwa watoto. Kila Desemba aliwakusanya watoto wa mtaa, akawafundisha nyimbo za Krismasi, akazunguka nao mlango kwa mlango. Watoto wakiimba, watu walitoa chakula. Mkebe wa gorogoro wa mahindi hapa, pakiti ya unga pale. Chakula hicho kilikuwa cha majirani ambao hawakuwa na kitu cha kupika sikukuu.

Majirani gani? Hapo ndipo hatukujua. Miaka zaidi ya ishirini, mtaa mzima ulitoa, na mtaa mzima haukujua chakula kilikwenda wapi. Wenye midomo walisema anakula mwenyewe.

Kuna jambo jingine lililonishangaza tangu nikiwa mtoto kwenye kwaya ile. Mama Milka alikuwa na kiu. Kila nyumba tuliyofika alisema, "Imbeni beti zote, msiruke hata mmoja. Mimi naomba maji kwa mama mwenye nyumba." Anaingia ndani. Sisi tunaimba beti tano, koo zimekauka, yeye ndiye anayekunywa maji!

Na tena alikuwa msahaulifu. Alitoka na vikombe vya watu. Ungesikia mama akipiga kelele nyuma yetu, "Yawa! Milka ameenda na kikombe changu tena!" Wanawake walitaniana, "Ficheni vyombo, kiu ya Milka inakuja."

Wiki iliyopita, kwenye matanga, nilimuuliza Mzee Mathews kuhusu kiu hiyo. Mzee alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Maji? Milka? Huyo alikuwa anakunywa chai tu. Daktari alimbembeleza anywe maji, akakataa kabisa."

Sasa nikazidi kujiuliza. Mtu asiyekunywa maji kwake, anaombaje maji nyumba arobaini?

Jibu lilitoka kwenye rafu. Mzee Mathews alikuwa anatafuta vikombe vya kuwapa waombolezaji chai. Akaona vitatu ambavyo si vyake. Chini ya rafu kulikuwa na magunia mawili ya chakula, yale watoto waliyokusanya Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu. Akavichukua vikombe, akaanza kuvisuuza.

Mama Waithira, mwenye duka la nafaka, rafiki wa Milka kwa miaka mingi, akamshika mkono.

"Mzee, usiwape watu chai kwa vikombe hivyo. Hiyo ndiyo orodha ya Milka."

Wasikilizaji wapendwa, sikieni kazi ya yule mama. Aliomba maji ili aingie jikoni. Beti tano zilimpa muda wa kutazama. Jiko ni baridi? Mkebe wa unga ni mtupu? Kama ni hivyo, alitoka na kikombe. Siku chache baadaye alikuja peke yake na beseni limefunikwa kwa leso. "Nimerudisha kikombe chako, nisamehe, mimi ni msahaulifu." Na sisi huku, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Kikombe kilikuwa juu. Chini yake unga, maharagwe, omena, mafuta. Hakuna aliyesaidiwa. Mama mmoja tu amerudisha kikombe.

Nilimuuliza Mama Waithira, "Kwa nini kuzunguka hivyo?"

Akanitazama. "Wewe ndiye unaniuliza? Si ilianzia kwenu?"

Ni kweli. Ilianzia kwetu. Mwaka wa kwanza, Mama Milka alileta chakula waziwazi, pamoja na kwaya. Mimi nilikuwa kwenye mstari, naimba, nikaona tunasimama mlangoni kwetu. Mama yangu, Rosa, alirudisha gunia lile mbele ya watoto wote. Shuleni wakaniita Gunia. Niliacha kuimba.

Desemba iliyofuata Mama Milka alikuja kwetu kuomba maji. Akaondoka na kikombe cha bluu. Mama yangu alimtukana jioni nzima. Siku tatu baadaye kikombe kilirudi, na mama yangu hakutukana tena. Alisonga ugali. Nami nikarudi kwenye kwaya. Nilidhani ni kwa sababu nilipenda kuimba.

Vikombe vitatu. Viwili Mama Waithira alivitambua, na vimesharudi, si vitupu. Kimoja kimebaki. Mwenyewe hatumjui, na Krismasi ni Alhamisi hii. Kijana mmoja alitaka kukipiga picha akiweke kwenye WhatsApp ya mtaa. Mama Waithira akamwambia, "Fanya hivyo, uwe umemzika Milka mara ya pili."

Kwa hiyo sitasema kina rangi gani.

Mzee Mathews, watoto na wajukuu, na Mama Waithira, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na sisi wengine tujiulize: mara ya mwisho niliingia jikoni kwa jirani lini?

Sasa nasema na msikilizaji mmoja. Unajijua. Kikombe chako kilichukuliwa Jumamosi ile, na hakijarudi. Wiki hii nyumba ya Mzee Mathews hapa Manyatta imejaa watu wanaofuata viti na sufuria walizotoa kwa ajili ya matanga. Hakuna atakayekutazama. Sema tu, "Nimekuja kuchukua kikombe changu." Nilimuuliza Mzee, je, akija mtu wa kudanganya? Akasema, "Mwanangu, mwenye chakula hadanganyi kwa ajili ya kikombe."

Nenda kesho. Beba kikapu, kikombe chako kimekuwa kizito.