Osob Abdow na Kompyuta ya Katoni

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Sogezeni redio karibu, na jirani asiye nayo mwiteni. Habari za Osob Abdow hazisikilizwi na mtu mmoja. Osob wa Bulla Iftin, hapa Garissa. Osob tuliyemzika Jumanne, malaria imemchukua. Osob wa programu ya malori ya maji.

Mnaukumbuka ukame wa tisini na sita. Chama cha wafugaji kilikuwa na malori mawili ya maji. Nani alipelekewa kwanza? Aliyepiga kelele zaidi mlangoni. Sangailu ni mbali, kelele zao hazikufika, mifugo yao ikawa inakufa. Chama kikanunua kompyuta, kikamwita Osob, aliyeisomea kazi hiyo Nairobi, aunde programu ya kusema lori liende wapi.

Watu wakangoja aanze kubonyeza. Osob habonyezi! Anakata katoni. Anaalika wafugaji, anapika chai ya maziwa ya ngamia, nyumba inajaa mpaka viatu vinapotezana mlangoni.

Mwenyekiti Jatani akachemka. "Mashine iko, umeme uko, wewe unapika chai? Ikifika Ijumaa hakuna kitu, narudisha dukani!"

"Keti kwanza," Osob akamwambia. "Tujue shida ni ya nani. Halafu tuchore. Halafu tujaribu kwa katoni. Ukikosea kwa katoni, unachekwa. Ukikosea kwa lori, ni mizoga."

Qali, mdogo wake, ndiye aliyefanywa kompyuta. Alikaa mkekani akisoma kilichoandikwa kwenye katoni tu, hana ruhusa ya kuongeza neno. Mzee Issack wa Sangailu akakaa mbele yake.

"Ngamia wako ni wangapi?" kompyuta ikauliza.

Kimya.

"Wewe msichana," Issack akasema, "ngamia yangu unataka kumaliza na jicho?"

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Hesabu ya ngamia haitajwi mbele za watu, isije ikavuta jicho baya, kila mtoto wa kwetu anajua. Osob pia alijua, binti wa mfugaji! Lakini ofisi huuliza hivyo, naye akauliza kiofisi. Wangemjibu nini? "Wachache, alhamdulillahi." Na lori lingefuata uongo.

Jatani akasimama. "Nimeona. Mashine inarudi kesho."

Osob hakubishana. Alitega sikio, maana wageni walishaanza umbea wao. Huyu alilala kisimani siku mbili. Yule siku nne, na bado alisukumwa. Wallahi, mtu anayeficha ngamia wake hafichi alivyoteseka kwenye foleni! Osob akageuza katoni, akaandika upya, akampa Qali.

"Mlingoja kisimani siku ngapi?"

"Sita," Issack akajibu papo hapo. "Na tukapewa matope!"

Qali akatoa sauti ya mashine: "Lori liende Sangailu."

Hata Jatani alicheka. Ndipo Osob akaiwasha kompyuta. Na lori la kwanza lililotumwa na programu ile lilifika Sangailu, Jatani mwenyewe akiwa ameketi kando ya dereva.

Qali ametuambia: "Watu walisema abaayo, dada yangu, anachelewa kuanza. Mimi nilimwona akimaliza."

Qali, mama mzazi, na nyumba yote ya Abdow, poleni sana. Mola amrehemu Osob, awape subira.

Nawe unayesikiliza, huenda leo umemuuliza mtu swali akanyamaza. Usimwite mkaidi. Badilisha swali.