Sauti Iliyofutwa Jumamosi

Mgeni rasmi, kabla ya makaribisho tunakuomba uiweke mezani hiyo nakala uliyokabidhiwa mlangoni. Ni nzuri, ina muhuri, na ofisi ya utawala imeipitia mara mbili, lakini siyo hii. Hii tunayokusomea imeandikwa kwa nukta nundu, na ofisini hakuna aliyeisahihisha kwa sababu hakuna anayeweza kuisoma. Utusamehe kwa kukushtukiza. Sisi wenyewe tumepigwa na butwaa tangu jana asubuhi, na mtu aliyeduwaa adabu humponyoka.

MAKARIBISHO

Karibu sana, Mheshimiwa, katika chumba chetu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya magodoro ya hospitali hii. Tuko wachapaji kumi na mmoja, na wote hatuoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hatujawahi kuusema msemo huo kwa haja kubwa kama leo. Tumeambiwa umekuja kututazama tukichapa, kisha uamue kama kitengo hiki kiendelee au kazi yake ipewe kampuni ya nje. Kwa hiyo ukiondoka hapa, ama tuna kazi ama hatuna.

TULIKOTOKA

Daktari hurekodi maelezo ya mgonjwa, nasi tunayachapa yawe barua. Sikio la kulia humsikiliza daktari, la kushoto huisikiliza kompyuta ikitusomea tulichoandika. Kwa miaka mingi kompyuta zetu zilijua lugha ya kigeni tu, na Kiswahili zilikitafuna kama mtu aliyeng'olewa meno asubuhi hiyo. Baadaye hata sauti hiyo ilikatika, kibali cha kuitumia kilipokwisha muda, na mashine zikazeeka hadi ukiiwasha moja unakwenda kunywa chai na kurudi.

Hapo ndipo alipojitokeza Shangazi Waya. Ndiye huyu anayekusomea. Alitukataza tusimtaje, tukapiga kura, akashindwa. Kabla macho hayajamwacha alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha simu cha hospitali, na hajawahi kuogopa kitu chenye waya. Siku moja alisikia simu ya mpwa wake ikisoma ujumbe kwa Kiswahili safi. Akamuuliza mpwa, kama kidude cha mfukoni kinaweza, kompyuta inashindwaje? Mpwa akatafuta kwenye mtandao, akakuta kwamba Android, mfumo huu huu ulio kwenye simu yako, Mheshimiwa, watu huuweka hata kwenye kompyuta kuukuu, kwa kutumia flashi.

Walichukua mashine iliyokuwa imekatiwa tamaa. Mara nne iligoma. Mara ya tano ikasema, "Mipangilio." Shangazi Waya akakaa sakafuni. Mtu mzima, mwenye wajukuu, alilia kwa neno Mipangilio.

MAFANIKIO

Katika miezi miwili mashine zote kumi na moja zilikuwa zinasema, pamoja na vishikwambi viwili vyenye kibodi ndogo kwa wenzetu wanaokwenda wodini. Tulikuwa tunatoa barua arobaini kwa siku, tukafika mia na kumi. Hatusemi mambo yalinyooka tu. Mfumo ule umezoea kuguswa kwa kidole, sisi tumezoea kibodi, tukavumiliana kama mke na mume wapya. Mashine ya nne ilikaa wiki tatu na maandishi yamelala ubavu kwenye kioo, hadi muuguzi mmoja alipoingia, akainamisha shingo na kucheka. Sisi hatukujua; barua zilitoka sawasawa. Na kwa kuwa mwanga hautusaidii kitu, tuliamua kuzima vioo vyote. Tulichapa kwenye vioo vyeusi tititi na tukaridhika.

KILICHOTUPATA

Jumamosi, sisi tukiwa nyumbani, afisa wa mitambo alikuja kukiandaa chumba kwa ajili yako. Alikuta vioo kumi na kimoja vyeusi. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote, akadhani mashine zimekufa, akatuonea huruma. Alishinda humu bila kula, akafuta kila kitu, akaweka mfumo wa ofisi nyingine zote na picha ya maua. Ametusimulia mwenyewe, na hatuna kinyongo naye. Kosa ni letu pia: haikutupitia akilini kwamba kuna mtu atahitaji kuona.

Jana asubuhi Shangazi Waya alikaa, akavaa hedifoni, akabonyeza. Kimya. Akadhani hedifoni ni mbovu, akamwomba jirani yake, kumbe jirani naye anaitingisha ya kwake. Chumba kizima tukawa tunabadilishana hedifoni nzima. Kisha mwenzetu mmoja mpole, ambaye kwa kawaida hupitisha wiki bila neno, akasema, "Jamani, nimekuwa kiziwi?"

Mheshimiwa, mtu asiyeona alidhani na masikio yamekwenda.

Shangazi Waya alikwenda kwa Bwana Mtawala, ambaye amekaa kando yako na ambaye tunamheshimu, akamwomba tuurudishe mfumo wetu. Alikataa. Alisema mfumo wa simu ni wa kuchezea, utaiaibisha hospitali mbele yako. Kisha akatoa agizo lililotufanya tuandike risala ya pili. Alisema, "Wekeni vidole kwenye kibodi mvichezeshe tu. Mgeni hatajua."

Shangazi Waya akamjibu, "Na daktari anayesubiri barua, bwana, tumchezeshee nini?"

Akaambiwa hayo yangoje uondoke. Lakini ukiondoka, Mheshimiwa, wewe utakuwa umekwisha kuamua.

OMBI

Tunajua tunamwaga mchele penye kuku wengi. Ila hii ni hospitali, na mficha maradhi kifo humuumbua. Basi hatutachezesha vidole. Ukipita mezani utatukuta tumeweka mikono magotini.

Hatuombi kompyuta mpya. Flashi iko mfukoni mwa Shangazi Waya, na kila mashine inahitaji nusu saa. Kinachokosekana ni ruhusa. Tunaomba usituandikie, maana karatasi zote hupitia utawala kwanza, na sahihi yako hatutaiona. Tunaomba useme kwa kinywa chako, hapa hapa, ndiyo au hapana.

Mungu akulinde njiani, akupe afya wewe na wa nyumbani kwako, na asikunyime mtu wa kukwambia kweli. Ratiba inasema tukifika hapa tupige makofi. Hatutapiga. Tunanyamaza, ili tukusikie.

Ni sisi,
Wachapaji wa Barua za Wagonjwa.