Karatasi ya Maoni ya Mtaa Wetu

Benchi langu la kahawa limeegemea ukuta wa fundi cherehani. Siku hiyo cherehani haikulia. Mke wa fundi alikuwa amelazwa siku ya tatu, mimba ya miezi mitano, moyo umeshindwa kuibeba, na madaktari wanabishana kama sheria inawaruhusu kuitoa. Serikali nayo ilikuwa inakusanya maoni juu ya sheria hiyohiyo. Karani angepita saa sita mchana kuchukua karatasi ya mtaa wetu, moja tu, yenye kauli moja ya wote. Wakakaa kuiandika watu watatu ambao hata kiasi cha tangawizi kwenye kahawa hawajawahi kukubaliana: Shemasi wa kanisani, Maalimu wa madrasa, na Wakili, ambaye ni fundi viatu; jina alilipata kwa kushindwa kesi tatu za mpaka wa choo.

Shemasi alisema asiruhusiwe mtu hata siku moja. Mtoto wa tumboni hana mdomo, lazima awe na wa kumsemea. Sikumcheka, neno hilo lina uzito. Maalimu akasema kwao siku zina hesabu yake, na uhai wa mama hutangulia. Wakili akataka mwanamke aachiwe mwenyewe, maana sheria ikikaza, watu huishia kuzitoa vichochoroni.

Basi wakaanza kupatana kama wanaouziana kuku.

— Wiki sita, — alisema Shemasi, jasho linamtoka.

— Ishirini, — alisema Wakili.

— Kumi na mbili, tufunge, — alisema Maalimu.

— Mnapima kitambaa? — niliwauliza. — Nimezaa saba, hakuna hata mmoja aliyefuata kalenda.

— Bibi, wewe mimina kahawa, — alisema Wakili.

Shemasi, kwa kuwa kameza wiki kumi na mbili kama mwarobaini, akadai fidia: sahihi ya mume. Maalimu akaongeza kiongozi wa dini, dini yoyote, asionekane anapendelea. Wakili akataka madaktari watatu na shahidi asiye jirani, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa. Chawa na mimba wapi na wapi, lakini wenzake waliitikia kwa vichwa. Walifikisha sahihi tisa, mojawapo ya mjumbe wa mtaa, ambaye hata barua ya msiba huilalia wiki mbili. Wakapeana mikono. Sijawahi kuwaona wamependana vile.

Ndipo fundi cherehani akatokea, chupa ya uji mkononi, imerudi imejaa. Wakampa karatasi asome. Aliifuatisha kwa kidole gumba mpaka chini, akaanza tena juu.

— Mke wangu ana wiki ya ishirini na moja, — alisema. — Hapa yuko mstari gani?

Wakili aliinamia kiatu. Maalimu aliichukua karatasi, akaisoma yote kana kwamba ameiandika mtu mwingine. Mwisho Shemasi akauliza, taratibu:

— Yeye mwenyewe anasemaje?

— Hakuna aliyemuuliza, — alisema fundi. — Hata mimi.

Wodi inaruhusu wageni wawili. Waliondoka wanne, wakibishana nani aingie. Karani alipofika nilimwambia maoni bado hayajaiva. Akaomba kahawa. Nikampindulia birika aone halina hata tone.