Mzee Minya na Usukani Wangu Mpya

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Minya atavua ovaroli yake ya bluu na kustaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika kampuni yetu ya kusambaza vifurushi. Aliajiriwa kufagia karakana. Mwaka wa pili akakabidhiwa spana, mwaka wa sita akakabidhiwa geti, na tangu siku hiyo hakuna pikipiki iliyotoka humu bila yeye kuridhika.

Wageni hudhani jina hilo alipewa na wazazi wake. Wapi! Amelipata getini. Dereva akifika asubuhi, Mzee huukata usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia, halafu humwambia dereva neno moja tu: minya. Dereva huminya breki na kushikilia, Mzee akihesabu mpaka kumi, polepole, kama mtu asiye na safari. Mvua inyeshe, mteja afoke kwenye simu, yeye anahesabu. Kwenye harusi ya mhasibu wetu alilizuia hata gari la maharusi mpaka dereva wake akanyage breki na kushikilia, na bibi harusi akasubiri kumi itimie.

Uongozi ulipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, vidole vyote vilimwelekea karani wa masijala, kwa kuwa yeye ndiye mfano unaotolewa kila mwaka kwenye mafunzo ya madereva wapya. Karani huyo ni mimi. Na kwa kuwa mfano wenyewe hautolewi kwa kunisifu, heri niusimulie mwenyewe.

Miaka kumi na saba iliyopita nilikuwa na pikipiki yangu ya kujia kazini. Haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwangu: niliona madereva wetu vijana wamekaa wima, vifua mbele, mikono juu, nami nikatamani. Nikanunua usukani mrefu na mpana, na breki mpya ya mbele. Nyumbani nilisema ni kwa ajili ya mgongo. Mke wangu, ambaye anakijua kitambi changu kuliko mgongo wangu, alikitazama hicho kwanza.

Mtu mwingine angempelekea Mzee Minya kazi hiyo ya kufunga. Mimi nilikuwa nimetazama video kwenye simu, tena mara mbili, kwa lugha nisiyoielewa, lakini mikono ya yule bwana niliielewa vizuri sana. Yeye alitumia saa moja. Mimi nilianza Jumamosi asubuhi na kumaliza Jumapili jioni, sebuleni, maana nje mvua ilikuwa imekataa kukatika. Tangi la mafuta lilikaa kwenye kochi. Mafuta ya breki yalimwagikia hilo tangi, rangi ikatutumka na kubanduka mbele ya macho yangu, nami nikajiambia ilikuwa imezeeka. Mpira wa zamani wa kupitisha mafuta ya breki ulinyooka mpaka mwisho ukaufikia usukani mpya kwa shida, nikaona umetosha. Mwishoni zikabaki boliti mbili. Mke wangu akauliza ni za wapi. Nikamjibu, kwa sauti ya fundi mkuu, kwamba kiwandani huweka za akiba. Alizichukua akazitia kwenye kopo lake la vifungo.

Alikuwa na mimba ya miezi saba. Jumatatu mchana nilipaswa kutoka kazini, kumpakia nyuma yangu na kumpeleka kliniki, kwa ule mteremko mrefu unaoishia kwenye mzunguko wa malori.

Jumatatu hiyo niliingia getini nikiwa nimevimba kichwa. Mchana, wakati wa kutoka, Mzee akanisimamisha. Akakata usukani kushoto, akakata kulia, akanitaka niminye. Hakufika hata sita. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa ovaroli, akasema pikipiki hii haitoki, na madereva wote wapo wanatazama. Nilimweleza kwamba nampeleka mke wangu kliniki, na kwamba pikipiki hiyo si mali ya kampuni. Akaniambia shingo ya mke wangu pia si mali ya kampuni. Tulikwenda kliniki kwa miguu, mke wangu mbele, mimi nyuma nimenuna.

Sasa sikieni aibu. Karani hana ngumi, ana kalamu. Niliandika malalamiko ya kurasa mbili, nikatumia maneno kama "kupora" na "kudhalilisha", nikayapeleka kwa meneja aliyekuwa na wiki tatu tu ofisini. Meneja mgeni hutaka kuonekana anafanya kazi. Alimpa Mzee barua ya kujieleza ndani ya siku tatu kwa nini asiachishwe kazi. Mtu wa miaka kumi na mitano kazini, mwenye watoto wanne shuleni, na mimi usiku nalala usingizi mnono!

Mzee alijibu kwa mstari mmoja: anaomba meneja ashuke getini.

Jumatano meneja akashuka. Mzee hakujitetea. Aliwasha pikipiki yangu, akakata usukani kushoto. Injini ikanguruma yenyewe, hakuna aliyeigusa, kwa sababu waya wa eksileta ulikuwa mfupi na usukani ulikuwa unauvuta. Mpira wa breki ulikaza kama kamba ya kuanikia nguo. Akazima injini, akaniambia nikae na niminye, mbele ya meneja. Akahesabu. Kwenye nne mkono wa breki ulianza kuzama. Kwenye saba uligusa mshikio, na chini ya gurudumu tone la mafuta likadondoka. Nilijiona mteremkoni, nimekata kona, pikipiki inaongeza mwendo na breki haipo, na nani yuko nyuma yangu.

Meneja aliiomba barua yake kwa Mzee, akaitia mfukoni na hakuizungumzia tena. Mzee naye hakunisema. Jumamosi alikuja kwangu na mpira mrefu na waya mrefu, akaomba kiti, akakaa, na akakataa katakata kushika spana. Nilifungua na kufunga upya mara tatu, nikatoa upepo kwenye breki mpaka vidole vikafa ganzi. Mke wangu akaleta chai, na kopo la vifungo. Boliti moja ilikuwa ya kubana usukani. Ya pili ilikuwa ya kushikilia breki yenyewe.

Sikuwahi kumwomba radhi kwa maandishi, ilhali malalamiko niliyaandika. Mzee, nisamehe. Hii ndiyo barua yenyewe, imechelewa miaka kumi na saba.

Kwa miaka yote hiyo, hakuna dereva wetu aliyeumia kwa breki iliyopita mikononi mwake. Na yule aliyekuwa tumboni sasa ana baiskeli. Kila asubuhi hukata usukani kushoto, hukata kulia, huminya, huhesabu mpaka kumi, ndipo anakwenda shule. Hakuna aliyemweleza sababu. Anadhani watu wote duniani hufanya hivyo.

Mzee alipoulizwa nani arithi geti, alinitaja mimi. Mafundi waliguna. Akawaambia kwamba pikipiki wanazijua wote, ila mjuaji anayemaliza kufunga zikabaki boliti mbili, karani ndiye anayemtambua tangu akiwa mbali.

Mzee Minya, tunakushukuru, na tunakuombea miaka mingi ya afya na utulivu. Lakini Ijumaa ukifika getini na pikipiki yako, utasimama kama wengine. Nitakata usukani kushoto, nitakata kulia, nitakuambia uminye. Na nitahesabu mpaka kumi polepole kuliko ulivyowahi kuhesabu wewe, maana baada ya kumi itabidi nikufungulie.